Mgonjwa Wangu wa Juu ya Mninga

Mwezi uliopita nilikwenda Ifakara kumjulia hali mjomba wangu Kastori, ambaye siku hizi anaishi kwa binti yake, mtaa wa Mlabani, na amekatazwa sukari. Siku ya pili nikaamka mwili wote unauma. Nikasema ni uchovu wa safari. Mjomba akasema safari haimtetemeshi mtu meno, akavaa viatu, akanitangulia hadi zahanati iliyo nyuma ya duka la mbolea. Tukakaa kwenye benchi, mimi niliyekuja kumuuguza na yeye aliyekuwa akiniuguza. Muuguzi, binti mwenye kucha za rangi ya zambarau, akanishika mkono na kunifuta kidole kwa pamba yenye spiriti.

Sikuwa na malaria. Nilikuwa na mafua, ugonjwa usiompa mtu heshima yoyote. Lakini ile harufu ya spiriti ilikuwa imeshafanya kazi yake. Ilinitoa kwenye benchi ikanikalisha juu ya kichuguu, kwenye pori la nyuma ya Namawala, nina miaka tisa au kumi, daftari magotini, jua la utosi, na ng'ambo ya korongo, juu ya mninga, yuko mgonjwa wangu. Nilikuwa sijamtaja kwa mtu yeyote tangu wakati ule. Mtu hatembei akijitangaza kwamba ameua.

Ili nieleweke, lazima niseme kwanza jinsi tulivyohesabiwa. Vijiji vingine vina sifa ya ngoma, au ya uchawi, au ya mabinti wazuri. Sisi Namawala tulikuwa na sifa ya mbu. Watafiti walikuja na kuondoka na kurudi tena, hata tukawapa jina la watu wa mbu, na hakuna aliyeona ajabu. Jioni walitundika mitego ya taa kando ya vitanda vyetu. Asubuhi walirudi kuchukua mbu waliolala humo, wakawahesabu mmoja mmoja kwa kibano, kama mama anayechambua mchele wa wageni. Kisha zikaja fomu. Mtoto ana homa? Ndiyo. Hapana. Baada ya fomu, kidole, pamba, sindano, tone la damu kwenye kioo. Na ukikutwa na malaria ulipewa vidonge, na mtu akakusimamia mpaka umeze. Wenzangu wa umri wangu mtakumbuka klorokwini: uchungu uliobaki kooni hadi kesho yake, na ule muwasho wa mwili mzima ambao hata ukijikuna kwa gunzi haupoi.

Kwa hiyo kabla sijalijua vizuri jedwali la saba, nilikuwa nimeshajua sheria moja ya dunia. Mtu akija na kalamu akakuandika, na wewe ni mgonjwa, atakutibu. Sikufundishwa na yeyote. Niliikuta ipo, kama nilivyoukuta mto.

Ndipo akaja Kaka Evarist. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi kisogoni na darubini kifuani. Alipelekwa kwetu na mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu tulikuwa na chumba cha nje. Bibi yangu alikuwa kibarazani anachambua kunde. Akaliona daftari, akaweka ungo chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," Bibi akasema, akanyoosha mkono wa kushoto na kidole cha kati mbele. "Hiki hapa. Wa kulia nalia chakula."

"Hapana bibi, mimi sipimi watu. Nimekuja kuangalia ndege."

"Ndege nao wameanza?"

"Wameanza nini?"

"Malaria."

"Hapana, bibi. Nataka kuangalia makinda wa tai. Wanavyolishwa, wanavyokua."

"Tai huyu anayebeba vifaranga wangu?"

"Huyo huenda ni mwewe. Tai ni mwingine."

"Anakula kuku?"

"Akimpata, anaweza."

"Basi ni mwewe," Bibi akasema, akakirudisha kidole chake ndani ya khanga, na nilimwona amekasirika kidogo, kama mtu aliyekaribisha mgeni akala kwa jirani.

Mjomba Kastori alikuwa mrina asali, na hapakuwa na mti wenye kitu juu yake ambao hakuujua. Akasema kiota cha tai kipo kwenye mninga ng'ambo ya korongo, na kina makinda wawili wadogo, bado weupe. Akapewa kazi ya kuongoza njia. Mimi nikapewa kazi kwa sababu ya macho yangu. Shule ilikuwa imefungwa, nikawafuata siku ya kwanza bila kualikwa, na ikaonekana kwamba Kaka Evarist akiweka darubini miwani inapata ukungu wa jasho, akitoa miwani haoni darubini ilipo, ilhali mimi nilikuwa nasema tu, "Mama yao huyo anakuja, kabeba kwale," na anakuja kweli, na kabeba kwale. Akanikabidhi daftari. Tangu siku hiyo akaniita Karani.

Tulitoka alfajiri, tukakatiza majaruba ya mpunga yaliyovunwa, udongo umepasuka vipande vyenye kingo za kukata nyayo. Kisha tukapanda mteremko hadi kwenye miti. Sisi watu wa bondeni tunajua joto la mpunga, joto la maji na matope. Joto la porini wakati wa kiangazi ni ukoo mwingine. Halina upepo wala mvuke. Majani makavu yalitoa harufu ya kitu kilichosahauliwa jikoni, na vijinyuki visivyouma vilitutambaa machoni kutafuta maji. Kichuguu chetu kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Kutoka pale kiota kilikuwa sawa na macho yangu, lakini kilikuwa na shimo katikati kama kikapu, kwa hiyo kinda akijilaza huwezi kumwona. Unamwona akiinua kichwa tu.

Daftari lilikuwa na safu mbili, Mkubwa na Mdogo. Kila kinda akilishwa, nichore kijiti kimoja. Kazi ya darasa la kwanza. Baada ya siku tatu safu ya Mkubwa ilikuwa imejaa kama uzio wa mabanzi. Ya Mdogo ilikuwa na vijiti saba, na viwili kati ya hivyo nilikuwa nimevichora kwa huruma.

Niliona kila kitu na sikuelewa chochote. Niliona Mdogo akiinua kichwa na Mkubwa akimdona utosini, mara kumi, mara ishirini, bila hasira, kama mtu anayetwanga. Niliona mama yao akisimama kando ya kiota akiangalia. Nilidhani haoni vizuri. Kisha nikamwona akimgundua mjusi chini kabisa ya korongo, nikalazimika kuiacha hoja hiyo. Jua lilipokuwa kali alisimama juu yao na kutandaza mabawa, na chini ya kivuli hicho alichowatengenezea yeye mwenyewe, kudonana kukaendelea. Niligeuza kichwa upande huu na upande ule, kama mtoto anayetazama picha iliyowekwa kichwa chini.

Siku ya nne, siku yenye joto kuliko zote ninazokumbuka, nikaona makinda wote wanahema midomo wazi, koo zikitetemeka, na kichwa cha Mdogo kimeegemea ukingo wa kiota kama kichwa cha mtu kwenye foleni ya zahanati. Ugonjwa huo niliujua. Nikachora mstari chini ya safu yake na kuandika kwa mwandiko wangu mzuri: Homa. Ndiyo.

Kaka Evarist alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Karani, homa hii umeipima kwa nini?"

"Kwa macho."

"Macho yameona nini?"

"Anahema mdomo wazi. Anatetemeka. Hali chakula."

"Mkubwa naye anahema mdomo wazi."

"Mkubwa anayo kidogo."

Mjomba, aliyekuwa amelala kivulini na kofia usoni, akacheka humohumo ndani ya kofia.

"Ni joto tu," Kaka Evarist akasema. "Ndege hatoki jasho. Joto likimzidi anahema hivyo. Muangalie hata mama yao."

Nikamuangalia. Kweli, mama yao alikuwa anahema mdomo wazi. Badala ya kutulia nikaogopa zaidi. Nyumba nzima ilikuwa inaumwa.

"Lakini Mdogo anapigwa," nikasema.

"Ndiyo, anapigwa."

"Na mama yake anaona."

"Anaona."

"Sasa wewe utafanya nini?"

"Nitaandika."

"Ukishaandika?"

"Nitahesabu."

"Ukishahesabu?"

"Nitatengeneza kitabu, nipate digrii."

"Na yeye?"

Hakuuliza yeye nani. Aliniambia polepole, kama mtu anayeshusha mzigo wenye chupa, kwamba tai wa aina hii hutaga mayai mawili. La kwanza likiharibika, lipo la pili. La kwanza likitoka zima, wa pili ni wa akiba.

"Na wa akiba akishatoka?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo hivyo, Karani," akasema, akainua darubini, na miwani ikaingia ukungu.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilimsalimia mbuzi. Kwetu tulikuwa watoto watano, na mimi nilikuwa wa pili. Nikamkuta Mama anapepeta mchele, nikasimama mbele yake mpaka makapi yakanijaa nywele.

"Mama, kati yetu nani ni wa akiba?"

"Akiba ya nini?"

"Wa kwanza akiharibika."

Mama akaushikilia ungo. "Nimewazaa watano na wote mnakula," akasema. "Kama humu ndani kuna wa akiba, basi ni baba yenu. Toka kwenye upepo wangu."

Kwa mtu mzima hilo ni jibu zuri sana. Mimi nililala nikimwonea baba huruma.

Siku mbili baadaye Kaka Evarist, aliyekuwa amekataa kidole cha Bibi, akaanguka. Alitetemeka hata kitanda kikawa kinatembea. Watu wa mbu walikuwa kijijini, wakaitwa, wakampima, wakamkuta nayo. Bibi alisimama mlangoni muda wote wa shughuli hiyo. "Kidole si hicho kimetoka," akasema, akaondoka ameridhika. Vidonge vya kesho na keshokutwa vikafungwa kwenye karatasi na kuwekwa kwenye kigoda, na mimi nikapewa kazi ya kumletea maji.

"Karani," akaniambia bila kufungua macho, "nendeni na Mjomba. Andika unachokiona tu. Na msipande ule mti. Msiguse kitu."

Nikasema ndiyo. Nikamimina maji kikombeni, na wakati anakunywa nikafungua karatasi nikachukua kidonge kimoja. Nikachukua na ile pamba waliyomfutia kidole, kwa sababu nilijua matibabu lazima yanuke.

Naomba niwekewe kumbukumbu kwamba sikufanya jambo hili kwa haraka. Nilikaa nyuma ya choo nikapiga hesabu. Mimi na umri wangu nilikuwa napewa nusu na kipande. Ndege ni mdogo kuliko mimi. Lakini mimi nikiumwa naugua malaria tu, ilhali yeye ana malaria na pia ana ndugu. Nikaamua kidonge kizima. Nikakisaga kwa jiwe, nikakipaka kwenye mnofu wa kambale wa kubanika niliouficha kutoka kwenye chakula changu. Nilifikiria pia suala la muwasho, kwamba atawashwa na hana vidole, nikaona ni bora awashwe akiwa hai.

Mjomba nilimwambia tulipofika kwenye kichuguu.

"Mjomba, unaweza kuupanda ule mninga?"

"Mti wowote naweza kuupanda. Kushuka ndiyo kazi."

"Nataka umpelekee Mdogo dawa."

Akauangalia ule mnofu kwenye jani, akaunusa. "Kijana kasema tusiguse."

"Hatugusi. Tunatibu."

"Na mama yake akining'oa macho?"

"Nimekuletea sufuria."

Nilikuwa nimemletea kweli, sufuria ya Mama ya kupikia wali. Mjomba alicheka, kisha akaacha kucheka. Asubuhi ile nilikuwa nimekiona kichwa cha Mdogo kikiinuka mara moja, nikamwambia hivyo, nikamwambia nadhani ni leo au basi. Akavua viatu.

Alipanda kwa kamba na vigingi, kama anavyopandia mizinga, sufuria imefungwa kidevuni kwa kitambaa. Tai mama aliruka akazunguka juu, akashuka mara mbili, na mara ya pili nilisikia sufuria ikilia. Mjomba akafika. Akachungulia ndani ya kiota. Akakaa pale, kichwa cha alumini kikimeta, kwa muda ambao mimi niliuona kuwa ni wa kumlisha mgonjwa anayemeza kwa shida. Nilikuwa nimeshuka na kuvuka korongo, nimesimama chini ya mti, pamba ya spiriti mkononi.

Aliposhuka alikuwa na mikwaruzo mikononi. Nikaifuta kwa pamba.

"Ameimeza?" nikauliza.

Akaivua sufuria, akaikagua pale ilipobonyea. "Ameimeza."

"Yote?"

"Yote."

Nikarudi juu ya kichuguu na kuchora kijiti kimoja kwenye safu ya Mdogo. Hicho kilikuwa kijiti cha haki. Mgonjwa alikuwa amekula.

Kichwa chake hakikuinuka mchana ule. Nikajua amelala, klorokwini inalaza. Nikachora kijiti cha pili, kwa sababu mama alileta nyama, na kama angekuwa macho angekula. Kesho yake kichwa hakikuinuka. Mkubwa aliinuka, akalishwa, akajinyoosha, akapiga vibawa vyake visivyo na manyoya bado, akazunguka kiota kizima. Alizunguka kiota kizima bila kukwama popote.

Nilikuwa nimempa kidonge kizima. Na kambale, pengine alikuwa na mwiba.

Watu wa mbu walikuwa na desturi ya kupitia karatasi zao kwa kidole, safu kwa safu. Nikamwona akilini Kaka Evarist akipitia yangu: vijiti, vijiti, siku ya kidonge, halafu weupe. Kila mtu angeona. Kwa hiyo siku ya pili nikamchorea Mdogo vijiti viwili. Siku ya tatu viwili. Siku ya nne kimoja. Nilitaka afe polepole na kwa heshima, kwenye karatasi, mbali kidogo na kidonge changu. Nilikaa kwenye jua lile kuanzia asubuhi hadi saa tisa nikimlisha marehemu. Mjomba alilala na kofia usoni na wala hakuuliza naandika nini. Baadaye, chuoni, nilifundishwa jina la kitendo hicho pamoja na adhabu yake, na darasa zima likashangaa mbona nimeinamisha kichwa.

Kaka Evarist alipopona alirudi kwenye kichuguu. Alitazama kiota asubuhi nzima, kisha akafungua daftari akapita safu kwa kidole, kama nilivyojua atafanya. Kidole kilisimama kwa muda kwenye kile kijiti kimoja cha mwisho. Akafunga daftari. "Mwandiko mzuri," akasema. Nikaamini kwamba nimemdanganya msomi, nikajiona mwerevu na mchafu kwa wakati mmoja. Wiki kadhaa baadaye Mkubwa akaruka, Kaka Evarist akapanda basi na daftari lake, na mimi nikabaki na siri. Niliibeba sekondari, nikaibeba chuo kikuu, nikaibeba kwenye ndoa. Mara tatu maishani nimekuwa na mtoto mgonjwa na kijiko cha dawa mkononi, na mara zote tatu nimesoma maelezo ya kipimo mpaka mtoto akapona mwenyewe kwa kungoja.

Basi tuliporudi kutoka zahanati, mimi na mafua yangu, tukakaa ukumbini kwa binti yake Mjomba. Akaletewa chai isiyo na sukari, akaitazama kama mtu anayetazama barua ya mahakama. Nikamwambia. Nilimwambia yote, kidonge kizima, mwiba wa kambale, vijiti. Nilikuwa na sauti ya kupasuka, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa mafua.

Mjomba akaniacha nimalize.

"Kinda gani?" akasema.

"Mdogo. Wa juu ya mninga. Uliyempa dawa ukiwa na sufuria."

"Sufuria naikumbuka. Mama yako alinidai nyingine." Akanywa chai, akakunja uso. "Sikumpa mtu dawa, mjomba. Nilipofika juu kulikuwa na yule mkubwa, na kando palikuwa na mguu."

"Mguu?"

"Mguu mmoja. Mdogo hivi. Umekauka, wa siku mbili labda."

Nikamwambia haiwezekani, asubuhi ileile nilikiona kichwa chake. Mjomba akasema huenda niliona kichwa cha mkubwa mara mbili. Akasema hivyo bila kubishana, na nikajikuta natafuta ile asubuhi akilini, na kichwa kile kidogo cheupe, na sikuweza tena kusema kilikuwa cha nani.

"Na kidonge?"

"Nilikila mimi. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu tulipotoka nyumbani. Kambale alikuwa mzuri. Nikawashwa siku mbili."

"Mbona uliniambia ameimeza?"

"Ulikuwa umesimama pale chini umekunja mikono kama unasubiri komunyo," Mjomba akasema. "Ningekwambia nini?"

Kwa miaka yote hii nilikuwa nimetamani mtu aniambie kwamba sikumuua, na sasa nimeambiwa, badala ya kupumua nikahisi nimenyang'anywa. Nilikwenda kwa Mjomba anifutie kosa, akanifutia mgonjwa. Hakukuwa na mtu niliyemtibu, vibaya wala vizuri. Kulikuwa na mguu, na mtoto aliyeleta mnofu akiwa amechelewa siku mbili.

"Afadhali Kaka Evarist hakujua," nikasema.

"Alijua."

"Alijua nini?"

"Nilimwambia jioni ileile. Alisema tusiguse na mimi nimepanda, nikaona nimwambie mwenyewe kabla hujamwambia wewe. Alikuwa anatetemeka, ameshikilia kitanda. Akaniuliza kama na wewe uliona kilichokuwa mle. Nikasema hapana, wewe unajua umemlisha. Akageukia ukutani. Nilidhani amelala. Halafu akasema, mwache aandike."

"Niandike kwa nini? Si alijua ni uongo?"

Mjomba akainua mabega. "Alikuwa na homa. Mtu mwenye homa humuulizi kwa nini."

Nimelifikiria jambo hilo tangu nirudi, mafua yamekwisha na bado nalifikiria. Watu wazima wawili walijua. Walinitazama nikitoka kila alfajiri kwenda kukaa juani, na mmoja akanisindikiza. Sijui kama nilikuwa nauguzwa au nachekwa. Sijui kama vijiti vyangu viliingia kwenye kitabu chake, au alivikata kimyakimya, au vilibaki tu kwenye daftari kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuviweka. Ninachoweza kuapa ni hiki, maana hapakuwa na korongo kati yetu. Siku zile za kumlisha marehemu, kila asubuhi nilipopitia chumbani kwake kuchukua daftari, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, blanketi mabegani katika joto lile, wembe mkono mmoja na penseli yangu mkono wa pili. Mikono ilikuwa inamtetemeka, kwa hiyo alichonga taratibu sana, akizungusha, akipumzika, akizungusha. Ncha ikishakuwa kali kama mwiba aliipuliza, akanipa, akaniambia, "Haya, Karani. Nenda kamuangalie."